Mipira ya gari kwa bei nafuu Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wenye gari za nyumbani, madereva wa teksi, wa gari za watalii na wa daladala. Wengi wao huanza kwa kuuliza bei. Hapa bei imewekwa nyuma kidogo kwa makusudi, kwa sababu karibu kila kinachoamua kama mpira ni rahisi au ghali kimeandikwa ubavuni mwake, na anayejua kuyasoma maandishi hayo si mtu wa kudanganywa kirahisi.

Nianzie wapi kabla ya kwenda dukani?

Anzia kwenye gari yako. Fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya mlango au ubavu wa mlango wenyewe, utaona kibandiko. Gari zetu nyingi zimetoka Japani na maneno ya kibandiko ni ya Kijapani, lakini namba zinasomeka: saizi ya mpira na kiasi cha upepo, mbele na nyuma. Ipige picha, ibaki kwenye simu.

Usinakili saizi ya mpira uliopo sasa ukaiamini moja kwa moja. Huenda aliyekuwa na gari kabla yako alifunga alichokipata, nawe ukaendelea kurithi kosa lake kila unapobadilisha.

Hizo namba zinasema nini?

Chukua 195/65R15 91H. Ile 195 ni upana wa mpira kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya ule upana. R ni aina ya ufumaji wa ndani, na mipira ya gari ndogo siku hizi karibu yote ni R. 15 ni ringi kwa inchi. 91 ni uzito ambao mpira mmoja unaweza kubeba, na kwa namba hiyo ni kilo 615. H ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 210 kwa saa. T ni 190, S ni 180, V ni 240.

Hapo kwenye herufi ya mwisho unaweza kuokoa pesa. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kiasi cha kilomita 60, njia yote ina vijiji, skuli, watoto wanaovuka na ng'ombe. Hakuna pahala utakapokwenda 240. Kama kibandiko kinataka S au T, mpira wa V hauna sababu ya kukulia pesa. Namba ya uzito ni jambo jengine kabisa: hiyo usiishushe hata kidogo. 88, kwa mfano, inabeba kilo 560 tu. Mpira wa 88 na wa 91 ukiwaweka pamoja huwezi kuwatofautisha kwa macho, ila gari ikishajaa watu sita na mizigo ya harusi, tofauti ya kilo 55 kwa kila mguu inafanya kazi.

Saizi yangu haipo. Muuzaji anasema hii nyengine "inaingia tu". Nikubali?

Kwanza hakikisha namba ya ringi ni ile ile. Baada ya hapo piga hesabu ya urefu wa mpira mzima kutoka juu hadi chini. 195/65R15 ina urefu wa karibu milimita 634. 205/60R15 ina 627, tofauti haifiki hata asilimia 2, kwa hiyo ikiwa ringi yako inaupokea upana huo na mpira haugusi bodi ukikata kona, ni mbadala unaokubalika. Ukivuka asilimia 3 achana nao: kipimo cha mwendo kitasema uongo, breki zitafanya kazi tofauti na zilivyopangwa, na mpira mnene utakwaruza bodi ya ndani usukani ukikata mwisho.

Saizi mbadala iwe kwa miguu yote minne, au angalau jozi nzima ya mbele au ya nyuma. Mguu mmoja peke yake, hapana.

Nitajuaje mpira umetengenezwa lini?

Tafuta herufi DOT ubavuni. Mwisho wa mstari wake kuna tarakimu nne. 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Basi. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu wa mpira, kwa hiyo usipoziona upande mmoja geuza. Ukikuta tarakimu tatu tu, huo umetoka kiwandani kabla ya mwaka 2000 na haufai kufungwa kwenye gari.

Muuzaji atakuonesha vile vinyweleo vya mpira vilivyosimama na kukwambia, "Mpya huu, bado una nywele." Vinyweleo vinathibitisha kwamba haujatembea. Havithibitishi kwamba haujakaa. Mpira unaweza kuwa na nywele zake zote na huku umekaa kwenye kontena, bandarini na juu ya rafu yenye joto miaka sita. Raba hukauka na kupasuka hata isipotumika. Joto, jua na hewa zinatosha.

Kwetu visiwani jambo hili ni zito kuliko sehemu nyengine. Unguja kutoka kaskazini hadi kusini ni kiasi cha kilomita 85. Gari ya nyumbani inayokwenda kazini, skuli na sokoni haikusanyi kilomita nyingi kwa mwaka. Mipira ya gari kama hiyo mara nyingi hufa kwa uzee kabla ya kuisha nakshi zake. Mwenyewe anaitazama, anaona kashata, yaani ile nakshi inayokanyaga lami, bado ndefu, anaridhika, na huku ubavu umeshapasuka vijistari vyembamba kama udongo wa shamba uliokosa mvua.

Basi miaka mingapi ni mingi?

Kampuni kubwa kama Michelin zinashauri mpira ukaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na ubadilishwe ukifika miaka 10 tangu utengenezwe hata kama unaonekana mzima. Huo ni ushauri wa dunia nzima. Kwenye jua letu, gari ikilala nje, mimi nisingeungoja mwaka wa 10.

Kwa kununua, msimamo wangu ni huu: mpira mpya uliozidi miaka miwili tangu kiwandani uombewe punguzo la maana, na uliozidi minne usiulipie bei ya mpya kwa maneno yoyote yale.

Mitumba: ninunue au nisinunue?

Kama una pesa ya mipira mipya ya kampuni ya kawaida, nunua mipya. Lakini najua wengi hawana chaguo hilo kila wakati, na kumwambia mtu mwenye watoto wa kupeleka skuli kwamba mitumba ni haramu hakumsaidii. Kwa hiyo ukinunua, nunua kwa macho na kwa mikono.

Omba uuone mpira nje ya ringi. Ukishafungwa umekwisha kufichwa. Pitisha kiganja ndani, mduara mzima, taratibu. Kiganja kikitoka na unga mweusi, au ukiona mkanda uliosagika ukizunguka ndani ya ubavu, mpira huo umeshawahi kuendeshwa bila upepo. Kwa nje unaweza kuwa mzuri sana. Nyuzi zake za ndani zimeshaungua, nao ndio utakaopasuka siku umejaza gari kwenda shamba. Tafuta pia viraka kwa ndani: kiraka kimoja katikati ya kashata si tatizo, kiraka cha ubavuni ni sababu ya kuurudisha.

Kisha nje. Bonyeza ubavu kwa vidole gumba kutafuta uvimbe. Kivimbe kama yai maana yake nyuzi zimekatika na raba peke yake ndiyo inayoushikilia upepo. Pindua ubavu kidogo uone kama mistari ya kupasuka inafunguka. Usidanganywe na weusi unaong'aa, kwani mpira wa zamani ukipakwa dawa unameremeta kuliko mpya.

Halafu kuna kuchonga. Mpira uliokwisha huchimbwa upya kwa kisu cha moto, mifereji ikaonekana mirefu. Dawa yake ni kutafuta vile vituta vidogo vilivyomo ndani ya mfereji, vinavyooneshwa na alama ya TWI au pembetatu ndogo ubavuni. Vituta hivyo vina kimo cha milimita 1.6, na kashata ikishuka hadi kulingana navyo mpira umekwisha. Ukiiona alama ya TWI ubavuni lakini kwenye mfereji kituta hakipo, kisu kimepita. Mpira wa gari ndogo haukutengenezwa kuchongwa. Mipira inayoruhusiwa ni ya malori, nayo huandikwa REGROOVABLE ubavuni.

La mwisho, na hili linawapata wengi: mipira ya theluji. Japani wanafunga mipira maalumu wakati wa baridi, ikitumika kidogo inaingia kwenye soko la mitumba, na myengine huja huku ikiwa imefungwa kwenye gari. Utaijua kwa neno STUDLESS, au mchoro wa chembe ya theluji ndani ya mlima, na kashata iliyokatwakatwa vijistari vingi vyembamba vya mawimbi. Majina kama Blizzak na iceGUARD ni ya mipira hiyo. Raba yake ni laini ili ishike barafu. Kwenye lami yetu saa nane za mchana inalika upesi na gari inayumba kwenye kona. Inavutia kwa sababu kashata yake ni nene na bei ni ndogo. Iache.

Lakini mtumba si bado rahisi kuliko mpya?

Gawa bei kwa muda. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mpira mpya ni shilingi 180,000 na utakaa miaka minne: hiyo ni 45,000 kwa mwaka. Mtumba ni 70,000 na utakaa mwaka mmoja na miezi michache, halafu unalipa tena, na kufunga unalipa tena, na pancha zake juu. Fanya hesabu hiyo kwa bei ulizoambiwa wewe siku hiyo. Kuna wakati mtumba unashinda, hasa kwa gari unayotaka kuiuza karibuni au kwa mpira wa spea. Kwa gari ya kila siku hushinda mara chache.

Kampuni gani ni nzuri na si ghali?

Majina ya Japani kama Bridgestone na Yokohama, au Michelin ya Ufaransa, unalipia jina na unapata ubora pia. Chini yake kuna ya Korea kama Hankook na Kumho, ya India kama Apollo na MRF, na ya China kama Linglong, Sailun na Triangle. Kwa mwendo wetu, mpira wa China au India wa kampuni inayojulikana, wenye umri mdogo na uzito sahihi, ni bora kuliko jina kubwa lililokaa miaka mitano rafuni.

Ukitaka kulinganisha mipira miwili usiyoijua, soma maneno TREADWEAR (kudumu), TRACTION (kushika lami iliyolowa) na TEMPERATURE (kustahamili joto) ubavuni kama yapo. Treadwear 400 imekadiriwa kudumu mara mbili ya 200, ingawa kila kampuni inajipimia wenyewe. Temperature ni A, B au C, na A ndiyo inayostahamili joto zaidi. Kwetu nisingenunua C.

Pesa yangu inatosha miwili tu. Niifunge mbele au nyuma?

Nyuma. Najua mafundi wengi watakwambia mbele, kwa sababu ndiko kwenye usukani na injini. Sikiliza sababu. Mvua za masika lami ikiwa na maji, mipira iliyochakaa ndiyo inayoelea kwanza. Ikielea ya mbele, gari inakataa kukata kona, unaachia mafuta, mwendo unapungua, inashika tena. Ikielea ya nyuma, mkia unazunguka, na dereva wa kawaida hawezi kuurudisha. Kwa hiyo ile miwili iliyo bora zaidi kati ya uliyobaki nayo ihamishie mbele, mipya ikae nyuma. Kama yote ya zamani ni vipara, basi ngoja ukusanye pesa ya minne na gari ipumzike.

Gari yangu inavuta miguu yote minne. Kuna tofauti?

Ipo. Gari ambayo muda wote inavuta miguu minne inataka mipira minne ya kimo kimoja. Mpya mmoja na vipara vitatu vinalazimisha gia za kugawa nguvu zifanye kazi bila kupumzika, na kutengeneza gia hizo ni ghali kuliko mipira minne.

Nina Probox ya teksi, ndugu yangu ana HiAce ya abiria. Tunaweza kufunga mipira ya gari ndogo kwa sababu ni rahisi?

Msifanye hivyo. Nyingi ya gari hizo Japani zimeandikishwa kuwa za mizigo na hutoka na mipira migumu zaidi, yenye alama LT au C, au maandishi kama 6PR na 8PR. Mpira wa gari ndogo unaweza kuingia kwenye ringi ile ile vizuri kabisa. Tatizo linaanza ukipakia. Ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata joto, na joto ndilo linalopasua mipira kuliko misumari. Kwa anayebeba abiria, au magunia ya karafuu kwenye vilima vya Pemba, huku ndiko kubana matumizi kunakoua watu. Tafuteni punguzo kwenye jina la kampuni, msilitafute kwenye namba ya uzito.

Nikanunue Dar es Salaam?

Kwa mpira mmoja au miwili, mara nyingi hailipi ukishajumlisha nauli ya boti, gharama ya mzigo pande zote mbili za bandari na siku yako ya kazi. Kwa minne au kwa jamaa wawili watatu mkichanga, inaweza kulipa. Fikiria pia kasoro ya kiwandani. Mpira ukitoa uvimbe baada ya wiki mbili bila ya kugonga shimo, duka la Mwanakwerekwe unaweza kulirudia leo leo. La Kariakoo ya Dar ni safari nyengine.

Popote unaponunua, dai risiti na mwambie muuzaji aandike juu yake saizi na zile tarakimu nne za DOT. Asiyetaka kuziandika amekwisha kukujibu.

Niko Pemba na saizi yangu Chake Chake sijaiona. Nifanye nini?

Agiza Unguja, lakini usitume pesa kwa picha ya tangazo. Mwambie muuzaji apige picha mbili: moja ya tarakimu za DOT kwa karibu, nyengine ya mpira mzima na karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya siku hiyo. Mpira ukishushwa kwenye boti Mkoani au Wete, linganisha DOT na picha kabla ya kuondoka bandarini. Kwa mipira minne omba picha nne, kwa sababu watu huchanganya mmoja mkongwe katikati ya mitatu mizuri.

Fundi anasema nitie tyubu ndani ya mpira usiotumia tyubu. Sawa?

Kufika nyumbani, sawa. Kuishi nayo, hapana. Tyubu inasuguana na mpira, inapata joto, na ikitoboka upepo unatoka kwa mkupuo. Pancha ya msumari kwenye kashata inazibika vizuri kwa kiraka cha ndani ikiwa tundu halizidi milimita 6 hivi. Ubavu uliochanwa na jiwe la matumbawe, na njia zetu za ndani zimejaa mawe hayo, hauzibiki kwa kitu chochote.

Upepo ukipungua polepole bila ya msumari kuonekana, mwambie fundi atazame ringi. Chumvi ya bahari inaila pale mpira unapokaa, na upepo unapenya kwenye kutu. Gari zinazoegeshwa Paje na Nungwi zina ugonjwa huu sana. Ringi ikisuguliwa na kusafishwa, mpira unapona.

Upepo kiasi gani? Na ile naitrojeni inayouzwa badala ya hewa ya kawaida?

Fuata kibandiko. Kikiandika 220 kPa, hiyo ni kama pauni 32 kwenye geji ya fundi. Pima asubuhi gari ikiwa haijatembea, kwa sababu mpira wa moto unasoma zaidi ya ukweli. Upepo mdogo unakula mabega ya mpira na unapika ubavu. Mwingi unakula katikati. Nunua geji yako mwenyewe, ni kifaa kidogo na hakuna pesa unayoweza kuitumia vizuri zaidi kwa ajili ya mipira. Naitrojeni usiilipie: hewa ya bure ni naitrojeni asilimia 78 tayari.

Balansi na alaimenti ni lazima?

Balansi, ndiyo, kila mpira unapofungwa. Vile vipande vya risasi kwenye ringi ndivyo vinavyozuia usukani kutetemeka. Valvu nazo zibadilishwe. Uliza kabla ya kupatana: "Bei hii ni pamoja na kufunga, balansi na valvu?" Alaimenti, yaani kuipanga miguu ya gari ielekee sawa, ifanye kama mpira wa zamani umelika upande mmoja, vinginevyo mpya utalika vivyo hivyo. Halafu kila kilomita 8,000 hadi 10,000 hamisha ya mbele nyuma.

Mpira wa spea unahesabika?

Unahesabika kwa umri pia. Kautazame leo, pamoja na upepo wake, na jeki kama ipo.

Mipira ya zamani niifanyeje?

Usiiache nyuma ya nyumba. Maji ya mvua yakituama ndani yake, mbu wa homa ya dengi wanazaliana humo humo, nao huuma mchana. Mizima kiasi inachukuliwa na wanaofunga pembeni ya madau, wanaopanda maua na wanaoshona katambuga. Ule uliopasuka ubavu au wenye uvimbe, mwambie fundi aukate kwa kisu mbele yako kabla hujaondoka, ili usije ukapakwa weusi na kufungwa kwenye gari ya mtu mwengine.